Lebo ya oda ya pili

Watu wengi wanaoanzisha biashara Dar es Salaam huja kwetu mapema mno. Tunachapa lebo, stika na vifungashio hapa Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo, kwa hiyo tunawapokea wakiwa bado na mtaji mkononi. Jina limeshapatikana. Nembo imechorwa na kijana wa chuo. Akaunti ya Instagram imefunguliwa na ina wafuasi ambao nusu ni ndugu, na nusu nyingine ni watu ambao mwenye biashara alisoma nao. Bidhaa yenyewe iko kwenye ndoo jikoni. Anataka stika elfu moja.

Simlaumu, maana hiyo elfu moja tumemfundisha sisi. Mashine ya ofseti inadai sahani nne, moja kwa kila rangi, na gharama ya sahani ni ileile uchape mia mbili au elfu tano. Mteja akipiga hesabu ya bei ya stika moja, anaona kuchapa mia mbili ni kutupa hela. Anachukua elfu moja, analipa kwa lipa namba, anapanda daladala na boksi lake mapajani. Wengi wao sijawahi kuwaona tena.

Wanaorudi ndio wanaonifanya niandike. Lebo ya oda ya pili karibu kila mara inakuwa tofauti na ya kwanza. Uzito umeshuka kutoka kilo moja hadi robo. Namba ya simu imekuwa kubwa, imewekwa juu, na mbele yake kuna alama ya WhatsApp. Yale maneno ya “huondoa sumu zote mwilini” yamefutwa. Mara nyingine hata jina limebadilika. Ukimuuliza mtu kwa nini amebadilisha, hakwambii amesoma wapi wala nani kamshauri, anakwambia “wateja walikuwa wanauliza.” Na wateja hao aliwapata kwa kujitangaza: aligawa vionjo kwenye kikoba, au alilipia posti, au alisimama juani kwenye maonesho ya Sabasaba.

Kwa hiyo nikisikia watu wanabishana kama biashara changa itenge kiasi gani cha mtaji kwa matangazo, naona wanapima upande mmoja tu. Mauzo ya miezi ya mwanzo ni kidogo kwa vyovyote vile. Kinachoamua kama biashara itafika mwaka wa pili ni habari zinazorudi kutoka kwa wanunuzi wa kwanza, na kama mwenye biashara ana masikio ya kuzisikia na hela iliyobaki ya kuzifanyia kazi.

Kuna dada mmoja wa Mbagala alikuja na unga wa lishe. Unga wa lishe, kwa mji huu, ni biashara ambayo kila mtaa unayo: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano, vinasagwa pamoja, vinafungwa kilo kilo. Lebo yake ya kwanza ilikuwa na picha ya mtoto mnene wa Kizungu iliyopakuliwa intaneti, na maneno “Kwa afya ya mtoto wako”. Nilimwambia picha ya mtoto kwenye chakula cha watoto ni jambo la kuangalia vizuri. Makopo ya maziwa ya watoto wachanga hayana picha ya mtoto, na sababu ni kanuni ya kimataifa iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, inayokataza picha za kuyapamba maziwa hayo machoni pa mzazi. Unga wake si maziwa ya kopo, lakini kwa nini aanze kwa kubishana na wakaguzi? Akasema, “Kaka, bila mtoto nani atajua ni unga wa lishe?” Tukachapa na mtoto.

Akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Badala ya kulipia tangazo, alianza kupika uji wenyewe alfajiri na kwenda nao stendi ya Rangi Tatu kwenye chupa kubwa za chai, akiwa na vikombe vidogo na pakiti zake pembeni. Kikombe bure, pakiti shilingi elfu sita. Alitegemea kina mama wenye watoto. Kina mama wenye watoto saa kumi na mbili asubuhi wako nyumbani wanawaandaa watoto. Waliokunywa uji wake ni makonda, waendesha bodaboda, na wafanyabiashara wanawake wanaowahi mzigo Kariakoo na samaki Feri. Waliusifu sana na hawakununua. Elfu sita kwa kitu usichokijua, asubuhi, kabla hujaingiza hata mia, nani atoe? Wakawa wanamuuliza, “Huna cha kujaribia?” Mzee mmoja, baada ya yeye kumwamkia shikamoo, alimwambia, “Binti yangu, huo uji unaosema wa watoto, mimi ndio unaonifikisha saa saba.”

Lingine aliloletewa lilikuwa malalamiko. Wachache walionunua kilo nzima walimpigia baada ya wiki kadhaa kusema unga una harufu. Chanzo ni karanga. Zina mafuta mengi, na zikishasagwa mafuta yale yanaharibika haraka kwenye joto la Dar, hasa pakiti ikishafunguliwa na kuachwa juu ya kabati. Karanga na mahindi vina shida nyingine pia ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na tangu hapo wanunuzi wenye uelewa huuliza unapata wapi karanga zako na unazikausha vipi.

Oda ya pili alikuja na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Mtoto atoke. Gramu 250, bei elfu moja mia tano. Juu kabisa: “Uji wa asubuhi”. Chini, kwa herufi ambazo alinisimamia mpaka nikazikuza: “Hauna karanga. Weka zako wakati wa kupika.” Ukiangalia lebo hizo mbili zikiwa sambamba mezani, utadhani ni kampuni mbili. Mteja tofauti, kipimo tofauti, hata mchanganyiko wa unga tofauti. Na ofa yenyewe iliyomfikisha hapo, ukijumlisha uji na mkaa na vikombe, ilimgharimu pungufu ya tangazo moja la redio.

Habari hii ya vipimo ina historia hapa. Dar inanunua kidogo kidogo kwa sababu watu wengi wanalipwa kwa siku, na kila mzalishaji mkubwa anajua hilo: sabuni ya unga, majani ya chai, mafuta ya kujipaka, vyote vina pakiti ya bei ndogo. Kipimo kidogo kinaweza kujenga soko peke yake bila tangazo lolote. Pombe kali za viroba zilienea nchi nzima kwa njia hiyo, hadi Serikali ilipozipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na waliokuwa wamejenga biashara nzima juu ya kile kifuko cha plastiki wakaamka hawana kifungashio. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Juni 2019, ikaja zamu ya mifuko ya plastiki ya kubebea. Hiyo, sina budi kusema, ilitunufaisha sisi. Maduka ambayo hayakuwahi kufikiria kujitangaza yalianza kutaka mifuko mbadala yenye jina na namba ya simu, na wateja wakawa wanaitembeza bure mjini kwa miezi, kwa sababu ule mfuko hautupwi, unakwenda nao sokoni tena.

Tuje kwenye simu, maana ndiko vijana wote wanakoanzia sasa. “Mzigo mpya umeingia. Bei inbox. Dar tunafanya delivari, mikoani tunatuma.” Hayo maneno yameandikwa chini ya kila gauni, kila blenda na kila wigi. Wanunuzi wanachukia bei ya inbox, nami kama mnunuzi nachukia pia. Ila nimekaa na wauzaji, nao wana sababu zao. Wa kwanza anasema ukiweka bei hadharani, jirani anapunguza elfu mbili jioni hiyohiyo, maana wote mmetoa mzigo kwenye kontena moja. Wa pili anasema mtu akishaingia inbox ameshaanza mazungumzo, na mazungumzo ya Kiswahili hayakatwi ghafla. Atauliza hali, atauliza saizi, ataomba upunguziwe. Sababu ya tatu hawaisemi: kila mtu anapewa bei yake.

Mimi upande wangu ni huu. Kama mzigo wako unafanana na wa wengine mia, ficha bei ukipenda, huna kingine cha kuficha. Kama umetengeneza kitu chako mwenyewe, kuficha bei ni kujinyima jibu la swali lako kuu, yaani kama watu wanaona kitu hicho kina thamani hiyo. Mtu anayeiona bei akapita hajakuambia neno, lakini amekupa taarifa. Na mambo yanayoulizwa inbox yana faida ukiyaandika. Kuna binti anauza mafuta ya nywele aliyekuja na daftari la maswali ya wateja, ameyapanga kwa mistari, na lililorudiwa kuliko yote halikuhusu nywele kabisa. Liliuliza, “Yanachafua mto?” Lebo yake ya pili inasema hayachafui mto, na hiyo ndiyo sentensi inayouza.

Jambo jingine ambalo simu imelifanya ni kuigeuza imani kuwa gharama ya masoko. Matapeli wamekuwa wengi kiasi kwamba mteja wa Mikocheni hatumi hata nusu ya hela kabla ya kuona mzigo. Ndiyo maana utaona maduka ya mtandaoni yanaandika mtaa, jina la jengo na namba ya chumba, hata kama chumba chenyewe wanachangia watu wanne. Lile jukwaa kubwa la Jumia, lililokuja na mabango na punguzo la kila Novemba, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Dada mwenye simu moja na bodaboda wake anayemwamini bado yupo, kwa sababu mteja analipa akiwa ameshika mzigo mkononi, na akikasirika anajua pa kumpata.

Sitaki mtu aelewe kwamba tangazo kubwa ni baya. Ubaya wake ni kwamba linafanya kazi. Kijana mmoja wa Sinza alikuwa anatengeneza juisi ya ukwaju, tamu kweli, haina dawa ya kuhifadhi, inakaa kwenye friji siku chache. Alikuwa anauza kwa mama lishe na kwenye ofisi mbili tatu. Akakusanya hela, akamlipa mchekeshaji mwenye wafuasi wengi akainywa kwenye video. Ile siku simu yake haikuwekwa chini. Watu wakataka Mwanza, Mbeya, Dodoma, Arusha. Juisi bila friji kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Mwanza ni siku nzima barabarani, ndani ya buti la basi. Alikuja kwetu akiwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona, akaagiza lebo elfu tatu na kunionesha meseji. Alikuwa na blenda mbili za nyumbani na friji moja.

Alijitahidi. Alilala saa mbili tu kwa usiku mzima, aliajiri wadogo zake, alikodi friji. Oda za Dar zikachelewa, chupa zingine zikafika zimeanza kuchacha, na malalamiko yakaandikwa chini ya video ileile, mbele ya watu walewale. Wale mama lishe wake wa zamani, waliokuwa wakinunua kila siku bila kuambiwa na mtu, akawa hana juisi ya kuwapelekea, wakahamia kwa mwingine. Sasa anauza maji ya jumla. Lebo zake nyingi bado tunazo stoo.

Hesabu yake haikuwa ngumu: tangazo lina kasi ya dakika, uzalishaji una kasi ya jiko. Wachumi wana namna yao ya kulieleza hilo kwa mtaji wa kuendeshea na uwezo wa kiwanda. Mama wa kitchen party ana namna yake: usialike watu ambao huna sahani zao. Na kitchen party, kwa taarifa, ni mojawapo ya njia bora za kutambulisha bidhaa ya nyumbani mjini hapa. Wanawake mia wenye uwezo wa kununua, wamekaa mahali pamoja kwa saa nne, MC anakutaja, na kila mmoja anaondoka na kijizawadi chenye namba yako. Idadi unaijua kabla. Ukitaka kufanya jaribio la biashara bila kuzidiwa, sijaona pazuri zaidi ya hapo na kwenye vikoba.

Sabasaba ni kitu kingine. Maonesho yale ya barabara ya Kilwa, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, yanampa mtu mdogo watu ambao hangewapata mwaka mzima. Anauza, anafurahi, anapigwa picha na kiongozi. Halafu kila mnunuzi anamuuliza swali moja, “Nikitaka tena nakupata wapi?” Wengi hawana jibu. Wanatoa kadi yenye namba ya simu. Mtu wa Goba hatapiga simu Chanika kwa ajili ya chupa moja ya pilipili.

Ndipo watu hukimbilia madukani, na hapo matangazo yanaanza kula mtaji kwa njia ambayo haionekani. Muuza duka wa mtaani hanunui bidhaa mpya. Anaichukua mali kauli: weka pakiti kumi, zikiisha njoo uchukue hela yako. Ukijitangaza vizuri, maduka yanayokubali kuweka yanaongezeka, na kila duka jipya ni pakiti kumi ambazo umeshazilipia mahindi, umeme wa mashine, kifungashio na lebo. Maduka thelathini, pakiti kumi kila moja, kwa elfu moja mia tano, ni shilingi 450,000 zako zimekaa kwenye rafu za watu wengine zikipigwa vumbi. Mfanyabiashara anakwambia biashara imekua. Hana hela ya mahindi.

Supamaketi ni mali kauli iliyovaa tai. Watataka nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na hilo ni jema, SIDO, shirika la viwanda vidogo, watakuelekeza pa kuanzia. Watataka bakodi, ile mistari myeusi, ambayo ya kwetu inaanza na 620. Halafu watakulipa baada ya siku thelathini, sitini, au watakapojisikia. Waliokuwa wakipeleka bidhaa supamaketi za Uchumi wanakumbuka Oktoba 2015, maduka yale yalipofungwa Tanzania na wao wanadai. Waliohamia Nakumatt, iliyokuwa imenunua maduka ya Shoprite mwaka mmoja kabla, nao hawakudumu nayo miaka mingi. Kupata rafu pale Mlimani City ni tangazo zuri sana. Lichukulie hivyo, lipangie bajeti kama tangazo, usilihesabu kama mauzo mpaka hela iingie.

Ukitaka kuona mtu aliyelielewa hili mapema, angalia zile baiskeli za aiskrimu za Azam. Said Salim Bakhresa, mwenye Azam, alianza na mgahawa mdogo miaka ya 1970, na siku hizi ana viwanda, televisheni na timu ya mpira. Mimi ninachokiheshimu zaidi ni ile baiskeli. Ina jina ubavuni, ina mlio ambao watoto wanautambua wakiwa ndani, na bidhaa yenyewe iko humo humo kwenye boksi la baridi. Hapana umbali kati ya kusikia tangazo na kununua. Duka liko mlangoni kwako na hela inalipwa papo hapo.

Dada yangu wa Mbagala ameiga hilo bila kusema. Ana wasichana wawili wanaobeba chupa za uji na pakiti kwenye vituo vya daladala, kikombe sasa ni mia tatu, pakiti elfu moja mia tano, hakuna mali kauli. Supamaketi moja ilimwita, akaenda, akasikiliza masharti ya malipo, akashukuru na kuondoka. Hela ambayo angeifungia kule alinunulia mashine ya kusagia. Nilimwambia anaweza kujuta, kwa sababu wanunuzi wa Masaki hawapiti Rangi Tatu. Akasema wa Mbagala bado hajawamaliza.

Mwezi uliopita alikuja na sura nyingine. Kuna mtu ametoa “Uji wa asubuhi” wake, rangi zilezile, gramu 250, hadi yale maneno ya karanga. Huyo mtu alikuwa amepita kwetu kwanza na pakiti ya dada kama sampuli, tukamkataa, akachapisha kwingine. Kariakoo haina uhaba wa mashine. Dada alikuwa ametulia akijua amesajili jina la biashara BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara. Ilibidi nimwoneshe kuwa jina la biashara na alama ya biashara ni usajili wa aina mbili, na kinachoulinda mchoro na maneno ya kwenye pakiti ni huo wa pili. Unadumu miaka saba, halafu unahuishwa kwa miaka kumi kumi. Tena maneno ya kawaida kama “Uji wa asubuhi” ni vigumu kuyamiliki, kwa hiyo itabidi apate jina lake mwenyewe la kuweka juu. Na kwa kuwa ana mteja anayemchukulia katoni kwa boti kwenda Unguja, akapeleke ombi na Zanzibar pia, maana usajili wa Bara haufiki kule.

Oda ya tatu tumeisimamisha mpaka jina lipatikane. Ameniletea matano, na mawili kati ya hayo ni ya watoto wake.